Nimeianza Nagona mara tatu, na mara tatu nimeishia njiani

*"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mhasibu, nina miaka 44, naishi Mwanza. Rosa Mistika niliisoma nikiwa sekondari, nikimficha mama, na hadi leo sijapata kitabu ninachokipenda kuliko hicho. Mwaka 2020, niliposikia mwandishi wake, Euphrase Kezilahabi, amefariki, nikanunua riwaya yake nyingine, Nagona. Nilidhani ni kazi ya wikiendi moja, maana ina kurasa sitini na kidogo tu. Nimeianza mara tatu. Kila mara nafika mahali fulani mwanzoni, najikuta sijui anayesimulia ni nani, yuko wapi, wala anatafuta nini. Narudi nyuma, nasoma upya, nachoka, naiweka. Na maneno yote nayajua! Kidato cha sita nilipata A ya Kiswahili. Rafiki yangu mmoja anasema nisome kwanza falsafa ya Wazungu. Mwingine anasema nitafute mwongozo, nikishauelewa ndiyo nirudi kwenye kitabu. Mimi husoma usiku kitandani, kama saa nne hivi, watoto wakishalala, na siku hizi macho yananiuma. Niambie ukweli: tatizo ni mimi au ni kitabu? Niendelee au niachane nacho?"*

Marahaba, mdogo wangu.

Umeuliza kama tatizo ni wewe au ni kitabu, na nadhani nyuma yake kuna swali jingine ambalo hukuliandika: je, ile A ilikuwa ya kweli? Ilikuwa ya kweli. Nimefundisha fasihi kwa miaka mingi na nimewaona watu wenye shahada mbili wakikwama palepale unapokwama wewe, tofauti yao na wewe ikiwa tu kwamba wao hawasemi. Kwa hiyo hilo la akili tuliondoe mezani, tuzungumze kuhusu kitabu chenyewe na namna unavyokisoma, maana kwa maelezo yako kuna mambo mawili matatu unayoyafanya kwa nia njema kabisa na ndiyo yanayokuangusha.

La kwanza ni huko kurudi nyuma.

Kumbuka Rosa Mistika inavyokupokea. Hujatulia kitini umeshajua kwamba Rosa ana baba mlevi aitwaye Zakaria, mama aitwaye Regina, wadogo zake, na kwamba wako Ukerewe. Mapema tu baba anamcharaza kwa ajili ya barua ya mvulana. Umeshapewa misumari ukutani. Kila jambo linalokuja baadaye unajua ulitundike wapi. Nagona haikupi msumari hata mmoja. Anayesema ni "mimi", hatajwi jina. Anaingia kwenye mji ulio kimya na huambiwi ni mji gani wala ni mwaka gani. Watu wanamtokea, wanasema neno zito, wanatoweka. Wewe kichwani umefungua maswali: huyu nani, hapa wapi, yule mzee ametoka wapi? Akili ya binadamu inaweza kushika mambo machache tu kwa wakati mmoja, na kila swali ambalo halijajibiwa linakalia nafasi. Ukifika ukurasa wa kumi nafasi zote zimejaa. Hapo ndipo unasoma sentensi nzuri, ya Kiswahili chepesi, na haiingii.

Ukirudi mwanzo unafanya alichofundishwa kufanya kila msomaji makini: unatafuta ulichokipita. Lakini hukupita kitu. Jina la msimulizi halimo. Mji hautajwi. Mwandishi hakuvificha vitu hivyo ili uvitafute, hakuviweka. Ndiyo maana mara ya pili na ya tatu hazikukupa zaidi ya ile ya kwanza, ila uchovu.

Sasa nitakuomba ufanye jambo ambalo wewe, kwa kazi yako, unalijua kuliko mimi. Inapoingia fedha kwenye hesabu na hujui ni ya nani, husimamishi ofisi nzima. Unaiandika pembeni, kwenye akaunti ya muda, unaendelea na kazi, ukisubiri risiti itokee. Wafanyie hivyohivyo msimulizi, mji, na yule mzee. Waandike pembeni, uendelee. Baadhi ya risiti zitatokea. Nyingine hazitatokea kabisa, na hapa najua nakukwaza, kwa sababu mhasibu aliyezoea mizania ifunge halali usingizi pengo likibaki. Nagona haifungi. Mwandishi alikusudia isifunge, na kabla hujaamua kama utaendelea nayo ni haki yako ulijue hilo.

Kwa nini mtu aliyeweza kuandika Rosa Mistika aamue kuandika hivi? Mara nyingi nasikia jibu kwamba Kezilahabi alienda Marekani, akasoma sana, akarudi na mambo ya huko. Kuna ukweli kidogo ndani yake, ila ni jibu la haraka. Angalia mfululizo. Rosa Mistika 1971, Kichwamaji 1974, Dunia Uwanja wa Fujo 1975, Gamba la Nyoka 1979. Halafu kimya cha riwaya kwa miaka kumi na moja. Katikati ya kimya hicho anaandika tasnifu yake ya udaktari pale Chuo Kikuu cha Wisconsin, 1985, kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi; 1988 anatoa mashairi ya Karibu Ndani; ndipo 1990 inatoka Nagona na mwaka unaofuata Mzingile. Wewe umetoka kwenye riwaya yake ya kwanza ukarukia ya tano. Umeruka miaka kumi na tisa ya maisha ya mtu, na ya nchi pia: vijiji vya ujamaa vilivyomo ndani ya Gamba la Nyoka, uchumi ulioyumba, Mwalimu kung'atuka.

Na ukizisoma zile za mwanzo kwa mpangilio utaona jambo. Mashujaa wake hawaishii vizuri. Kila mmoja anauliza maisha haya ni ya nini, na kila mmoja anagonga ukuta. Kazimoto wa Kichwamaji anauliza waziwazi kabisa, ni msomi wa chuo kikuu, na elimu yake haimwokoi. Mimi naamini, na hii ni hukumu yangu, kwamba Kezilahabi alifika mahali akaona kuwa hadithi yenye mwanzo, kati na mwisho imeshampa kila ilichoweza kumpa. Alitaka kuandika kuhusu kutafuta kweli kwenyewe, na jambo hilo halina Zakaria wala barua ya mvulana. Basi akachukua safari. Katika Nagona kuna mtu anayetembea, anayekutana na wengine wanaotafuta, na kuna paa ambaye jina lake ndilo jina la kitabu. Kama lazima ujue "inahusu nini" kabla ya kuanza, chukua hiyo: mtu anamtafuta paa. Inatosha kubebea begani.

Vitu vingi vya kitabu hiki ni vya nyumbani kwenu kuliko rafiki yako wa falsafa anavyodhani. Mwandishi alizaliwa 1944 Namagondo, kisiwani Ukerewe. Unapanda meli hapo Mwanza, unashukia Nansio. Alisoma seminari ya Nyegezi, ambayo pengine unaipita ukienda zako. Ukikutana na toba, na mkombozi anayesubiriwa, usishangae. Ni lugha ya kijana aliyepita seminari. Ukikutana na babu, na ngoma, ni lugha ya kisiwa. Mara ngapi umesikia ngano inayoanza na mtu kuingia mji usio na watu? Hatukumuuliza bibi huo ni mji gani, wa wilaya ipi. Tulimwacha aendelee.

Hapo nifike kwenye jambo ninaloliona ni kiini cha tatizo lako, na la wengi wetu tuliosoma Kiswahili shuleni. Tumelelewa kwenye mafumbo. Kitendawili! Tega! Ukishindwa unatoa mji, unaambiwa jibu, mambo yamekwisha. Liyongo gerezani anampa kijakazi ujumbe wa mafumbo ampelekee mama yake. Mama anauelewa, anaoka mkate, anaficha tupa ndani, mtoto anakata minyororo. Fumbo lile lilikuwa na jibu moja, na mama angelikosa Liyongo angekufa. Kusadikika ya Shaaban Robert, 1951, ni nchi iliyo angani, lakini anayetetea anaitwa Karama na anayemshitaki anaitwa Majivuno: umepewa ufunguo pamoja na kufuli. Kisha tukaenda darasani tukapewa maswali ya mtihani: taja dhamira nne, eleza ujumbe, toa mifano. Kila kitabu kikawa kitendawili, na mwalimu ndiye mwenye mji.

Na methali ikatumaliza kabisa: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Kwa hiyo asiyeng'amua ni nani?

Ukiishika Nagona kwa mkono huo itakukatalia. Ina mafumbo, naam, lakini si ya kufumbuliwa moja moja kama mtu anayemenya njugu. Nalijua hili kwa aibu yangu mwenyewe. Miaka ya mwanzo nilipokuwa naifundisha nilikuwa nachora jedwali ubaoni: upande huu alama, upande ule maana. Ukimya ni hiki, mwanga ni kile, paa ni kweli. Wanafunzi wananakili kwa bidii. Siku moja binti mmoja wa mstari wa nyuma akanyoosha mkono, akauliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, nani amekwambia?" Darasa likacheka, nami nikacheka, lakini nilipofika nyumbani sikucheka. Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nimekijaza kitabu majibu yangu kwa sababu niliogopa kusimama mbele ya watu arobaini bila majibu.

Jedwali lile ndilo utakalolikuta kwenye miongozo mingi, na ndiyo sababu nasita kuhusu ushauri wa rafiki yako wa pili. Sisemi mwongozo ni mbaya. Mtoto mwenye mtihani wiki ijayo asome mwongozo, maisha yaendelee. Wewe huna mtihani. Ukisoma mwongozo kwanza, utakuwa unapita kwenye riwaya ukihakiki kama yaliyosemwa yamo, kazi ambayo unalipwa kuifanya mchana. Soma kitabu kwanza, hata kwa kuelewa robo. Ukishamaliza, soma wahakiki, tena wawili wanaopingana. Said Ahmed Mohamed, ambaye naye ni mwandishi wa riwaya za aina hii, ameiandikia Nagona uhakiki mzuri. Anaiangalia kwa jicho la masimulizi ya mdomo, na la ule mtindo ambao wataalamu wetu wameupa jina la uhalisiamazingaombwe. (Neno lenyewe linahitaji pumzi mbili. Usiliogope, maana yake ni mambo ya ajabu kusimuliwa kana kwamba ni ya kawaida, na ngano zetu zimefanya hivyo tangu sungura alipoanza kusema.)

Na falsafa ya Wazungu? Kweli kina Plato na Nietzsche wanatajwa humo. Lakini ukisema usiguse Nagona hadi umsome Nietzsche, utazeeka bila kusoma kimoja wala kingine. Kwa usomaji wa kwanza inatosha kujua kwamba hao ni watu waliotumia umri wao wote kutafuta kweli, na kwamba msimulizi anakutana nao bado anatafuta. Kuna ucheshi hapo ambao msomaji aliyejiandaa sana hauoni. Na nikuambie siri ya mtu anayeipenda Nagona: pale panapojaa wanafalsafa mimi huona mwandishi amesahau kidogo kuwa anasimulia, amerudi kuwa mhadhiri. Ukipachoka, pita haraka. Hujavunja sheria.

Tuseme basi unataka kujaribu mara ya nne. Ningekuwa wewe nisingeanza kesho. Ningetafuta Kichwamaji kwanza, kwa sababu ndiyo daraja: bado ina watu wenye majina na mambo yanayotokea, lakini ile kiu ya Nagona imeshaanza. Halafu ningechukua Nagona Jumapili asubuhi, si usiku. Kitabu cha namna hii kinadai akili iliyolala usiku uliopita. Wewe unakipa mabaki ya siku. Ningekaa nacho saa mbili au tatu mfululizo, niende mbali niwezavyo, bila kurudi ukurasa hata mmoja. Ufupi wake ndio uliokudanganya, lakini ndio pia utakaokusaidia: riwaya ngumu ya kurasa 600 huwezi kuimaliza kwa kikao kimoja, hii kwa vikao viwili unaiweza. Ukiisoma vipandevipande, kurasa nne leo na tatu keshokutwa, kila mara unaingia upya kwenye mji usio na jina, na ile hali ambayo mwandishi anaijenga polepole inakatika.

Shika penseli, lakini usiandike maana. Piga mstari tu chini ya kitu kinachorudi. Ukimya ukirudi, piga mstari. Njia ikirudi, duara likirudi, mwanga ukirudi, piga mstari. Katika hadithi ya kawaida kinachotushikilia ni "kisha ikawaje". Hapa kinachokushikilia ni marudio, kama pigo la ngoma. Mchezaji mgeni hajui mtindo, lakini akisikia pigo limerudi mguu wake unajua. Ukifika mwisho, angalia mistari yako. Ndipo utaona kitabu kina umbo, ingawa umbo lake halifanani na la Rosa.

Na pale utakapokwama, soma kwa sauti. Nasema kwa uzoefu wa madarasa mengi. Wewe mwenyewe umesema maneno yote unayajua, na uko sahihi: msamiati wake si mgumu, sentensi zake nyingi ni fupi, na kamusi haitakusaidia sana. Jicho lina haraka ya kutafuta habari, na habari hamna, kwa hiyo linakasirika. Sikio lina subira. Mashairi yetu yaliishi kwa sikio karne nyingi kabla ya mitihani.

Sasa kuhusu kuachana nacho. Kusema kweli, kuna wasomaji wazuri, watu ninaowaheshimu, wanaoiona Nagona ni baridi, ni kitabu cha mtu aliyewapa kisogo wasomaji wa Rosa Mistika. Hawajakosa akili. Ukiisoma mpaka mwisho mara moja, kwa namna niliyokueleza, na bado huipendi, una haki ya kusema huipendi, na usikubali mtu akuambie hujaielewa. Ukiona hata kabla ya hapo kwamba inakunyima hamu ya kusoma chochote, iweke kabatini mwaka mzima. Wakati huo jaribu Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila, iliyotoka 2002. Nayo ni safari ya ajabuajabu, watu na nyakati zimechanganywa, lakini inachekesha na inakushika mkono zaidi. Wapo walioingilia mlango huo kisha Nagona ikawafungukia. Mzingile iache kwanza. Jina lake peke yake lina maana ya njia za kupotezana, na ni vyema kupotea mara moja kwa wakati mmoja.

Kuna mambo mawili ambayo mimi kwa maandishi siwezi kukusaidia. La kwanza ni macho. Una miaka 44. Katika umri huo lenzi ya jicho huanza kukakamaa, herufi za karibu zinataka mwanga zaidi na mkono mrefu zaidi, na maumivu ya macho au ya kichwa baada ya kusoma ni ya kawaida. Nenda kwenye kliniki ya macho upimwe. Pengine unachohitaji ni miwani ya kusomea. Nimeshamwona mtu aliyelaumu mwandishi miaka miwili kumbe wa kulaumiwa ni taa ya chumbani. Na kama hali ya kusoma bila kuingia haiko kwenye Nagona tu, ikiwa hata gazeti au barua ya ofisini unairudia mara tatu, au usingizi umepotea, au kuna msiba ama wasiwasi unaokukalia, mwone daktari umweleze hivyohivyo. Hilo si suala la fasihi.

La pili ni mwenzio. Kitabu hiki kinasomeka vizuri zaidi na watu wawili. Mtafute huyo rafiki yako wa falsafa, mwambie aache kushauri, anunue nakala, msome sura moja kila mmoja kwake kisha mkutane. Msiulizane "inamaanisha nini". Ulizaneni "wewe ulibaki na picha gani?" Utashangaa. Kama hayupo, hapo Mwanza kuna walimu wa Kiswahili wa sekondari na wa vyuo ambao hawajaulizwa swali la Nagona na mtu asiye na mtihani kwa miaka. Peleka kitabu, utapewa chai. Ukipata safari ya Dar es Salaam, pita Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Chuo Kikuu, mahali ambapo Kezilahabi mwenyewe alifundisha kabla ya kwenda Botswana.

Ukianza, niandikie Jumapili hiyohiyo jioni uniambie ulifika wapi, hata kama ni ukurasa wa ishirini. Mbele huko utaikuta Ngoma Kuu. Hiyo isome kwa sauti kubwa, na kama unawaonea haya watoto, funga mlango.